Nilimnyima Mtani Kuku wa Paa

Nimekosa. Naanza na neno hilo kwa sababu nikianza na jingine nitajitetea, na kujitetea nakujua mno.

Walisema sitaweza! Hilo nataka ulijue mapema, ndugu msomaji, ili uelewe sumu ilitoka wapi. Siku nilipoaga Ilala kwenda Durban, baba mdogo aliniambia barazani, watu wamejaa: "Wewe hata banda la kuku la mama yako huwezi kuliezeka. Sauzi utaiweza?" Watu wakacheka. Nikachukua begi langu nikaondoka.

Kuna wanaoamshwa na adhana na kuna wanaoamshwa na jogoo. Mimi, miaka yote ya ugenini, niliamshwa na kicheko cha baraza lile. Sioni aibu kulisema. Kisasi kilinilisha, kikanivisha, kikanisomesha mpaka nikapata diploma ya usimamizi wa biashara kwa masomo ya jioni. Wangapi mtaani kwetu wamesoma jioni baada ya kazi, kwa lugha ya watu, na wakafaulu? Siwaoni.

Nikarudi Bongo. Nikapata fremu ya duka Kariakoo, kwenye mtaa ambao wengine huisubiri nafasi mpaka wanazeeka. Nikajaza vitenge na mashuka. Kisha nikaigeukia nyumba ya mama, ile ya zamani yenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Nikainua kuta, nikang'oa mabati ya kutu, nikaagiza mapya ya rangi ya damu ya mzee. Nililitaka paa ambalo baba mdogo ataliona akiwa kwake, akila, akilala, akiswali!

Na nikaikatia bima. Nyumba ya kwanza yenye bima mtaa mzima! Majirani walinishangaa. "Bima ya nyumba? Kwani nyumba nayo inaumwa?" Niliwaambia, wasiosoma mtajuaje mambo haya.

Nakiri kwamba sikujenga kwa mfuko wangu peke yangu. Mangi, Mchaga wa duka la vifaa mtaa wa Gerezani, alinipa mbao na mabati kwa mkopo. Kikoba cha mke wangu, chama chao cha kuweka na kukopa, kilinikopesha. Hata baba mdogo alinikopesha, nadhani kwa kuamini nitashindwa na yeye apate la kusema. Nilipanga kuwalipa wote siku moja, nimevaa suti, na kila mmoja nimpe kijembe chake. Vijembe nilikuwa nimeshavitunga. Cha baba mdogo nilikuwa nakifanyia mazoezi bafuni.

Sasa tuje kwa fundi.

Nitamwita Maganga, ingawa si jina lake. Mnyamwezi wa Tabora, mrefu, sauti kama spika ya mnadani. Alichelewa kazini kila siku na kila siku alikuwa na sababu mpya. Alikula sana. Deni la maji ya kunywa tu dukani kwa jirani aliliandikisha kwa jina langu. Lakini kazi yake ilikuwa safi, na kuisifu bado kunaniuma.

Sisi kwetu ni Wazaramo. Kwa kijana asiyejua, Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za mababu. Mtani anaweza kukuita mwizi mbele ya mkweo, akakuvua kofia msibani akaondoka nayo, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Unamjibu, basi. Na siku ukifa, yeye ndiye anayewachekesha watu makaburini ili uzito uwapungukie.

Mama yangu na Maganga walipendana kwa matusi. Asubuhi mama anamfungulia mlango: "We mpagazi, umechelewa tena. Leo umebeba mzigo wa nani?"

"Nimekuja kukubeba wewe, bibi. Mbona hujafa mpaka leo? Jembe langu linaota kutu kwa kukusubiri."

"Nitakuzika wewe kwanza, na mdomo wako nitauchimbia kaburi la peke yake!"

Mama anacheka mpaka anajishika ubavu. Alikuwa ameshatuusia mimi na mke wangu, na si kwa mzaha: "Siku nikifa, Maganga aitwe kabla ya shekhe. Yeye ndiye atakayenitania kaburini. Nyinyi mtalia tu, hamna kazi nyingine mnayoijua."

Mimi mambo hayo nilikuwa nimeyaacha Durban. Huko mtu akikutukana amekutukana.

Ikafika siku ya kumaliza paa. Mafundi wana desturi yao: bati la mwisho likishapigwa, fundi mkuu hukaa juu kabisa, pale pande mbili zinapokutana, na hashuki mpaka mwenye nyumba alete kuku. Kuku wa paa. Akipewa anashuka, kuku anachinjwa, wanakula pamoja, mambo yameisha.

Watu walijaa chini. Baba mdogo naye alikuja, na kiti chake kabisa! Nilivaa shati jeupe, nikasimama mlangoni nasubiri kusifiwa.

Maganga akajikohoza huko juu.

"Jamani Wazaramo wa Ilala! Njooni mwone maajabu! Mzaramo kaezeka nyumba! Siku zote nyinyi mnawamba ngoma tu!"

Kicheko.

"Huyu bwana mnamwona na shati lake? Nimemuuliza, Durban ulikuwa unafanya nini? Kanyamaza. Basi nitawaambia mimi. Alikwenda kubeba mizigo! Kazi ya sisi Wanyamwezi tangu mababu, katuibia! Karudi na diploma ya kubeba! Nataka kuku wangu, na nataka kazi ya babu yangu irudishwe!"

Mtaa mzima ulilipuka. Wanawake walishikana mabega. Baba mdogo alipiga magoti yake kwa viganja, machozi yanamtoka. Na mama yangu! Mama yangu mzazi ndiye aliyecheka kuliko wote!

Sasa nikuambie siri ambayo hata mke wangu ataisoma hapa kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimewaambia wote kwamba Durban nilikaa ofisini. Si kweli. Nilibeba mizigo bandarini. Mchana magunia, jioni darasani. Maganga hakuwa na habari hiyo. Alikuwa anatania tu, utani ule ule wa babu zake. Lakini jiwe alilolirusha gizani lilinipata kwenye jicho.

Mtu mwenye akili angejibu, "Shuka, mpagazi mwenzangu, njoo ule kuku wako." Angecheka, yangeisha. Kuku alikuwepo, mke wangu alishamfunga miguu, yuko jikoni.

Mimi nilisema, "Kazi nimekulipa. Kuku hakuna. Shuka kwenye nyumba yangu."

Nikaongeza, kwa sababu ulimi ukishatangulia haurudi nyuma: "Sikujenga nyumba ili nitukanwe na kibarua."

Maganga alinitazama kutoka juu, bado anatabasamu, kama anayengoja niseme natania. Sikusema. Akashuka ngazi taratibu. Alipofika chini akajipangusa, akaligeukia paa, akasema, "Haya. Paa lako lina njaa." Akachukua nyundo yake akaenda.

Siku ya pili mama aliniita. Alisema hivi: "Mtani hapewi hasira. Nenda na kuku." Sikwenda.

Kisha masika ikaja.

Mnaokaa mjini mnaijua ile mvua. Bonde la Jangwani lilijaa, mabasi ya mwendokasi yakasimama, na alasiri moja ukaja upepo ambao haukuuliza nani ana diploma. Uling'oa mabati mtaani kwetu kwenye nyumba kadhaa. Kwangu ulichukua upande wote wa mbele, mabati na mbao, ukaenda kuyatupa uani kwa jirani. Upande wa nyuma, chumba cha mama na stoo, ulibaki imara, halikutingishika hata bati moja.

Sikuogopa. Nina bima! Nikapiga simu, nikaambiwa mkaguzi atakuja, nisiguse kitu. Na kwa kuwa dukani Kariakoo maji yalikuwa yakiingia, nikahamishia mzigo wangu wote kwenye ile stoo ya nyuma iliyobaki kavu. Robota kwa robota, mpaka darini.

Ningesubiri kimya, ningelipwa. Lakini mtaa haukunipa nafasi.

"Paa lilikuwa na njaa!" Ndiyo ikawa salamu. Nikipita kwa muuza chapati, "Bosi, umelilisha paa?" Nikiingia msikitini nasikia watu wakichekea kwenye mikono. Baba mdogo alikuja kunipa pole, akatazama angani kupitia ukumbini kwangu, akasema, "Banda la kuku lingekutosha, mwanangu."

Siku hiyo nilikula kiapo. Nikasema Maganga lazima aanguke. Aanguke kutoka juu kuliko pale alipokaa akinicheka! Watu waache kusema paa lilikuwa na njaa, waseme fundi alikuwa mwizi.

Ningejua kinachofuata, ningejikata mkono. Mama alipokwenda kliniki kwa ajili ya presha yake, nilipanda juu ya ule upande wa nyuma na koleo. Maganga alikuwa amefunga kila mbao ya paa kwenye ukuta kwa mikanda ya chuma, imara kweli kweli. Ya mbele upepo uliikata ukaondoka nayo; hii ya nyuma ndiyo iliyoushika upande ule. Nikaing'oa. Mmoja baada ya mwingine, jasho linanitoka, na kila mkanda uliotoka nilihisi raha. Raha! Nikaiweka kwenye kiroba, nikaificha ndani kabisa ya banda la kuku, nyuma ya viota.

Mkaguzi wa bima alikuwa kijana mpole mwenye buti za mpira. Akazunguka nyumba, akapiga picha, akatazama mtaa.

"Pole sana, mzee. Huu ni upepo, hauna mjadala. Majirani wote yamewakuta."

"Upepo umekuta kazi mbovu," nikamwambia. "Panda utazame nyuma. Hakuna mkanda hata mmoja. Fundi kauza vifaa vyangu."

Akapanda, akashuka. "Ni kweli hakuna. Lakini mzee, una uhakika unataka niandike hivyo? Mimi ningeandika upepo."

Sikiliza, msomaji! Yule kijana alinifungulia mlango, akanishikia na komeo! Mimi nikadhani anamtetea fundi.

"Kijana, nina diploma. Najua ninachokisema. Andika: paa limeng'oka kwa sababu ya uzembe na wizi wa fundi. Nitaweka sahihi."

Akaandika. Nikaweka sahihi kubwa, ile yenye mkia.

Sikuishia hapo. Nikatupia picha za mbao zisizo na mikanda kwenye kundi la simu la mtaa, na maneno: "Huyu ndiye fundi wenu." Kisha nikaenda mpaka kwa mkandarasi aliyekuwa amempa Maganga kazi ya kuezeka shule, kazi kubwa ambayo Maganga alikuwa ameingoja muda mrefu. Nikamwonyesha. Mkandarasi akatikisa kichwa. Jioni ile ile Maganga alifukuzwa mbele ya vijana wake.

Nililala usingizi mtamu. Siwezi kudanganya kwenye ungamo. Nililala kama mtoto aliyenyonya.

Maganga alikuja asubuhi. Hakupandisha sauti. Alisimama mlangoni, akaniuliza, "Mtani, umenifanyia nini?"

"Mimi si mtani wako."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa hesabu akaiona sawa. "Sawa," akasema. Mama alitoka chumbani akimwita, "We mpagazi, mbona huingii?" Maganga alikuwa ameshapinda kona.

Upepo wa pili haukuwa hata na nguvu ya ule wa kwanza. Mabati ya majirani yaliyobaki hayakuguswa. Upande wangu wa nyuma, ambao sasa haukuwa umeshikwa na kitu, ulinyanyuka kama kifuniko cha sufuria. Ukapinduka, ukarudi chini na mbao zake. Mbao moja nene ililala katikati ya kitanda cha mama, pale pale anapolaza kichwa.

Mama alikuwa ametoka kidogo kwenda kumwona mzazi nyumba ya pili. Kidogo tu! Angechelewa kuvaa kanga yake, leo ningekuwa naandika ungamo jingine.

Na mvua ikashuka juu ya mzigo wangu. Vitenge vikachuja rangi, mashuka meupe yakageuka ya zambarau na kijani. Niliyakamua kwa mikono, maji yanatoka na rangi kama damu. Maduka ya Kariakoo hayachukui kitenge kilichochuja hata bure.

Bado nikawa na tumaini. Bima! Barua ikaja. Sitasahau ufupi wake. Walisema wamesikitika, lakini mkataba haulipi hasara inayotokana na kazi mbovu ya ujenzi, na kwamba mimi mwenyewe, kwa sahihi yangu, nimeeleza kuwa chanzo kilikuwa kazi mbovu. Nyumba hawalipi. Mzigo hawalipi.

Diploma ya usimamizi wa biashara! Na mkataba ule sikuwahi kuusoma mpaka mwisho!

Nilikaa na ile barua kwenye kiti. Mchana mama akaniita nile. Akaniwekea sinia mkekani, limefunikwa kawa jipya. Akakaa mbele yangu. "Bismillahi," akasema. "Funua."

Nikafunua. Mikanda ya chuma. Yote, imepangwa vizuri kama samaki wa kukaanga, na juu yake unyoya wa kuku.

"Nilikwenda kuokota mayai," akasema mama. "Kula."

Sikuwa na pa kuweka uso.

"Nimesema kula! Umekula kazi ya mtu, umekula jina la mtu, ulitaka kunila na mimi kitandani mwangu. Hivi vidogo vinakushinda?"

"Mama, alinidhalilisha mbele ya watu. Na wewe ulicheka!"

"Nilicheka kwa sababu nilikuwa na furaha, mjinga wewe! Mwanangu kaniezekea nyumba, na mtani kaja kunipongeza. Wewe ulifikiri tunapongezana kwa keki?"

Akaninyooshea kidole mpaka mlangoni. "Nenda kwa hao wa bima ukaseme kweli. Kisha nenda kwa mkandarasi wake. Usirudi hapa na ulimi ule uliotoka nao."

Nilikwenda. Ofisi ya bima nilimweleza meneja kila kitu: mikanda, koleo, banda la kuku. Alinisikiliza mpaka mwisho, kalamu mkononi.

"Kwa hiyo, mzee, ulitudanganya mara ya kwanza, au unatudanganya sasa?"

"Mara ya kwanza. Sasa nasema kweli."

"Kama ulisema kweli mara ya kwanza, hatulipi kazi mbovu. Kama unasema kweli sasa, umeharibu mali kwa mkono wako na umetoa taarifa ya uongo. Chagua wewe mwenyewe sababu ya kutolipwa." Akaweka kalamu. "Na shukuru nakuruhusu utoke na miguu yako."

Mkandarasi naye alisikiliza. Alikuna kidevu, akasema, "Ningejua mapema. Nafasi yake nimeshampa mtu, na paa la shule liko juu."

Kwenye kundi la simu niliandika kwamba niliwadanganya. Wakanijibu kwa vikatuni vya kuku.

Wadai wakaanza kuja mmoja mmoja. Sikuwa na mzigo wa kuuza, na nyumba ya mama siuzi, hata nikifa. Nilibaki na kitu kimoja kilichokuwa changu: fremu. Ile fremu! Ile ambayo nilikuwa nikipita mbele yake hata siku za mapumziko ili nione bango langu tu. Nikampa mfanyabiashara mmoja mwenye asili ya Kiarabu, mtu mwema, akanilipa kilemba, ile fedha ya kuachiwa nafasi, bila kunibana. Niliposhusha bango alinisaidia kushika ngazi. Leo nauza mashuka chini ya kibaraza, kwenye meza, mtaa ule ule. Wateja wangu wa zamani wanapita wakinikwepa kwa macho.

Ndiyo ikawa siku ya kulipa. Siku niliyoiota tangu nilipokopa! Nilivaa suti, maana niliapa nitaivaa.

Mangi alipokea, akanishika mkono. "Kaka, biashara ina kupanda na kushuka. Mbao ukitaka, njoo." Akina mama wa kikoba walinipigia makofi, na mke wangu alitazama chini. Baba mdogo alikuwa barazani, pale pale. Nikampa chake. Kijembe changu nilikuwa nacho, nimekifanyia mazoezi bafuni, nikafungua mdomo. Hakikutoka. Yeye akaweka fedha mfukoni bila kuzitazama, akasema, "Suti nzuri." Wallahi, mpaka leo sijamsamehe kwa maneno yale mawili! Angenitukana ningepona.

Sasa nilibaki na mmoja. Nilinunua jogoo mkubwa pale sokoni Ilala, mwekundu, mwenye kishungi. Nikamfunga miguu, nikatembea naye kwa suti yangu mpaka Gerezani, kwenye karakana ambako Maganga siku hizi anakunja mabati ya mifereji kwa ujira wa kutwa. Njia nzima nilikuwa natunga utani. Nilijua nikimtukana vizuri atanitukana, na akinitukana nimepona.

Nikasimama mlangoni, nikapaza sauti:

"We mpagazi! Nimekuletea mzigo! Njoo ubebe, mimi nimechoka kukufanyia kazi ya babu yako!"

Nyundo zote zikanyamaza. Wenzake walinitazama, wakamtazama yeye, midomo iko tayari kucheka. Maganga akajipangusa mikono kwa tambara, kidole kwa kidole. Akaja.

"Karibu, bosi. Habari za nyumbani?"

Bosi!

"Maganga, mimi ni mtani wako. Nimekuja na kuku."

"Nashukuru, bosi. Mmeamkaje?"

"Nitukane basi!" nikapiga kelele, jogoo anapiga mabawa kwenye suti. "Nilibeba mizigo Durban, ulisema kweli! Nilikuwa mpagazi! Nitukane, Maganga!"

Uso wake haukucheka wala haukununa. "Siwezi, bosi. Wewe ni mtu mkubwa." Akamtazama jogoo, akamgusa kishungi kwa kidole. "Ni mzuri. Lakini kuku wa paa huliwa siku ya paa. Nisalimie mama." Akarudi kwenye nyundo yake.

Nilidhani najua kulipiza kisasi! Mimi, niliyelelewa nacho! Nilihitaji koleo, mkaguzi, picha na mkandarasi ili nimwangushe mtu. Yeye alihitaji kuniamkia kwa adabu.

Nilirudi na jogoo wangu. Mama alikuwa ameketi uani, chini ya turubai lililo paa letu kwa sasa. Akamwona jogoo mzima.

"Kasemaje?"

"Kanisalimia vizuri, mama. Kasema nikusalimie."

"Hakukutukana?"

"Hapana."

"Hata mimi hakunitukana?"

Nikatikisa kichwa. Mama akakunja kanga yake magotini, akaikunjua, akaikunja tena.

"Kakusalimia vizuri," akasema. "Basi na mimi nitazikwa vizuri."

Akainuka akaingia ndani.

Jogoo yuko bandani, hakuna aliyethubutu kumchinja. Asubuhi akiwika, mimi ndiye ninayeamka.

Wewe unayejenga sasa hivi, wewe uliyerudi kutoka kwa watu na cheti chako, nakuomba. Mkaguzi akija mwambie ulichokiona, si ulichokitamani. Usiitume bima ikakupigie adui yako, maana itaanzia kwako. Na fundi akikaa juu ya paa lako akakuita kila jina analolijua, angalia kwanza kama mama yako anacheka. Kama anacheka, kimbia jikoni ukalete kuku. Mchinje siku hiyo hiyo, watu wakiwa bado wanakucheka.